Hospitali ni zaidi ya wodi: Nani apewe kuziongoza, na kwa sifa zipi?

*Kila hospitali kubwa inapopata msukosuko, watu huuliza kwanza kama mkuu wake ni daktari. Yaliyotokea Dar es Salaam, Nairobi na Ethiopia yanatutaka tuangalie kwingine.*

Novemba 9, 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifika Hospitali ya Taifa Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni. Mashine za CT scan na MRI zilikuwa hazifanyi kazi, na waliohitaji vipimo hivyo walilazimika kuvifuata hospitali binafsi kwa fedha zao. Bodi ya hospitali ikavunjwa, kaimu mkurugenzi mtendaji, Dk. Hussein Kidanto, akahamishiwa wizarani, na Prof. Lawrence Museru kutoka Taasisi ya Mifupa (MOI) akateuliwa kukaimu nafasi hiyo. Siku chache baadaye, fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda vya Muhimbili.

Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tukio lile lina funzo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Aliyeondoka alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Aliyeingia alikuwa daktari bingwa wa mifupa. Hakuna aliyetilia shaka utaalamu wa tiba wa yeyote kati yao, na hapakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Mashine ya MRI haisimami kwa kuwa mkurugenzi hajui tiba. Husimama kwa sababu mkataba wa matengenezo umekwisha, au mtengenezaji anadai malipo ya nyuma, au kipuri kimekwama njiani na hakuna aliyekitengea fungu kwenye bajeti ya mwaka uliotangulia. Mgonjwa naye halali chini kwa sababu ugonjwa wake haujulikani. Analala chini kwa sababu hospitali za ngazi ya chini zinapeleka juu watu ambao zingeweza kuwatibu zenyewe, na kwa sababu kitanda ambacho kingeachwa saa nne asubuhi kinaachwa saa kumi jioni, mwenye nacho akisubiri dawa za kwenda nazo nyumbani na hesabu ya malipo. Hayo ni mambo ya uendeshaji, na uendeshaji una ujuzi wake.

Ndiyo maana mabishano yetu ya miaka yote, kwamba mkuu wa hospitali awe daktari au asiwe, hayajatufikisha mbali. Shahada ya udaktari haipaswi kuwa tiketi ya kiti hicho, wala kuikosa kusiwe kizuizi. Sharti linalostahili kusimamiwa kwa nguvu ni lile ambalo hatulisimamii kabisa: mtu awe amefundishwa kuongoza hospitali, na amepimwa akafaulu, kabla hajakabidhiwa ofisi.

Kazi ilivyobadilika

Zamani kumpa daktari mwandamizi uongozi wa hospitali kulikuwa na mantiki. Mishahara ilitoka Hazina, dawa zilitoka bohari ya serikali, mgonjwa hakulipa kitu. Mganga mkuu alibakiwa na kusimamia tiba na nidhamu ya watumishi, na kwa kazi hiyo mtu bora alikuwa yule aliyejua tiba kuliko wenzake. Hali ilianza kugeuka mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali. Bohari ya Dawa (MSD) ilipoanza kazi mwaka 1994, hospitali ikawa mteja anayeagiza na kulipa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukafuata mwaka 2001, na hospitali ikawa mtoa huduma anayedai malipo kwa fomu. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya ngazi ya msingi vikaanza kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao badala ya kuzisubiri halmashauri, na mwishoni mwa 2017 hospitali za rufaa za mikoa zikahamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya. Kila hatua iliongeza mzigo mezani kwa Mganga Mfawidhi. Maandalizi ya kumwezesha kuubeba hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Tuufuatilie mzigo huo kupitia dawa moja tu, oksitosini, sindano anayochomwa mama akishajifungua ili asivuje damu. Mfamasia anaiagiza MSD. Ikiwa MSD haina, hospitali inapaswa kupata uthibitisho kwamba haipo, kisha iende kwa mshitiri aliyeingia mkataba chini ya mfumo wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Mshitiri anataka kulipwa. Fedha za kumlipa zinatoka, kwa sehemu kubwa, kwenye madai ya bima ya miezi iliyopita. Dai lililokosa saini ya mtoa huduma, au lililoandikwa ugonjwa usiolingana na dawa iliyotolewa, linakatwa au linarudishwa, na dawa iliyokwisha kutumika inakuwa imetolewa bure. Oksitosini ikishafika, inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku na jenereta halina dizeli, chupa zitabaki na lebo ile ile huku nguvu ya dawa ikipungua ndani yake. Mkunga atachoma sindano kama alivyofundishwa, na damu haitasimama.

> Mkunga atachoma sindano kama alivyofundishwa, na damu haitasimama.

Katika mnyororo huo wote, ni mahali pamoja tu ambapo utaalamu wa tiba unahitajika moja kwa moja, napo ni kitandani kwa mgonjwa. Kwingine kote kunahitaji mtu anayejua manunuzi, anayesoma taarifa ya fedha na kuona mapema kwamba mwezi ujao hautafika, anayeelewa kwa nini madai yanakatwa na ni dawati gani linalokosea. Wakati huo huo, mtu huyo asipojua kwamba oksitosini iliyopoteza baridi ni hatari, ataliweka jenereta mwishoni mwa orodha ya malipo. Hapo ndipo ugumu wa kiti hiki ulipo, na ndipo madaktari wanapokuwa na hoja.

Hoja ya madaktari ina uzito

Wanaotaka hospitali ziongozwe na madaktari hawatetei ulaji tu, kama wapinzani wao wanavyopenda kudai. Wana ushahidi. Mwaka 2011 mtafiti Amanda Goodall alichapisha uchunguzi wa hospitali zilizoorodheshwa kuwa bora Marekani katika fani tatu: saratani, magonjwa ya mfumo wa chakula na magonjwa ya moyo. Hospitali zilizoongozwa na madaktari zilikuwa na alama za ubora zilizozidi za wenzao kwa takribani asilimia 25. Mayo Clinic na Cleveland Clinic, ambazo majina yao yanajulikana hadi huku kwetu, zina desturi ya muda mrefu ya kuongozwa na madaktari.

Uingereza nayo inatoa onyo. Mwaka 1983 serikali ya Margaret Thatcher ilimtumia Roy Griffiths, aliyetoka kwenye uongozi wa maduka makubwa ya Sainsbury's, kuchunguza uendeshaji wa huduma ya afya ya taifa. Alikuta hospitali zinaendeshwa kwa makubaliano ya kamati na hakuna mtu mmoja wa kubanwa mambo yakiharibika. Akashauri wawekwe mameneja, nao wakawekwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye ikatokea kashfa ya Hospitali ya Stafford. Ripoti ya uchunguzi wa hadhara iliyoongozwa na Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290, ilieleza jinsi wagonjwa wa hospitali hiyo walivyoachwa bila maji ya kunywa na wengine wakalala kwenye shuka zilizochafuka, wakati bodi imekazia macho hesabu, malengo ya serikali na kupandishwa hadhi. Wafanyakazi walipunguzwa ili vitabu vikae sawa. Yeyote anayesema kwamba hospitali ni biashara kama nyingine aisome ripoti ile kwanza.

Kuna pia suala la uwajibikaji. Daktari akikiuka maadili, Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumfutia usajili na maisha yake ya kazi yakaishia hapo. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, na afisa manunuzi ana yake, PSPTB. Uongozi wa hospitali, kama kazi, hauna chombo cha namna hiyo. Meneja aliyeharibu hospitali moja anaweza kuonekana mwaka unaofuata kwenye ofisi ya hospitali nyingine. Waingereza wenyewe walisubiri hadi mwishoni mwa 2024 ndipo serikali yao ikaanza kukusanya maoni kuhusu kuwadhibiti mameneja wa hospitali.

Nazikubali hoja hizi zote, ila hitimisho linalotolewa kutoka kwazo sikubaliani nalo. Uchunguzi wa Goodall ulionyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, na yeye mwenyewe hakudai kuwa moja ndilo lililozaa jingine. Hospitali yenye jina na fedha ina uwezo wa kumvuta daktari maarufu aje kuiongoza. Zaidi ya hapo, madaktari wa Mayo na Cleveland hawatolewi chumba cha upasuaji Ijumaa wakakabidhiwa bajeti Jumatatu. Hupitishwa kwenye uongozi wa idara, kamati na mafunzo kwa miaka mingi kabla ya kufika juu. Na katika hospitali ile ya Stafford madaktari walikuwepo wakati wote. Ripoti iliwalaumu wao pia, kwamba wengi waliona na hawakusimama kidete. Shahada haikuwapa ujasiri wala njia ya kuufikisha ukweli juu.

Nairobi, Februari 2018

Tukio linalotajwa mara nyingi katika mjadala huu kwa upande wa Afrika Mashariki ni la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Februari 2018 wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri huduma. Mmoja alihitaji kufunguliwa fuvu ili kuondoa damu iliyoganda kwenye ubongo; mwingine alikuwa na uvimbe kichwani uliohitaji dawa bila kisu. Lebo za utambulisho zikachanganywa. Madaktari walimpasua yule asiyestahili, na walikuwa wamekwenda saa kadhaa ndipo wakabaini kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haipo. Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, aliwapa likizo ya lazima mkurugenzi mkuu, Lily Koros, na mkurugenzi wa huduma za tiba, Dk. Bernard Githae. Daktari aliyekuwa kwenye mafunzo ya ubingwa naye akasimamishwa, na wenzake wakagoma kwa kumtetea.

Koros hakuwa daktari. Alitokea upande wa utawala. Haikuchukua muda sauti zikapazwa kwamba hapo ndipo kosa lilipoanzia. Lakini tuangalie kilichotokea. Mgonjwa alitoka wodini, akapokelewa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akalazwa mezani, akapewa usingizi, akanyolewa, na kila aliyemshika njiani alikuwa mtu wa taaluma ya afya. Kinga dhidi ya kosa la namna hiyo ipo na inajulikana: kuanzia mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likihimiza orodha ya ukaguzi wa upasuaji, inayotaka timu isimame na kuthibitisha kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji unaofanywa na sehemu ya mwili kabla ya kisu kugusa ngozi. Kuhakikisha orodha hiyo inasomwa kila mara, hata saa tisa za usiku na hata bingwa akiwa na haraka, ni kazi ya uongozi. Waliotumwa likizo kwa kutokuwa na udhibiti huo walikuwa mtawala na daktari kwa pamoja.

> Waliotumwa likizo kwa kutokuwa na udhibiti huo walikuwa mtawala na daktari kwa pamoja.

Baada ya hapo kiti kilikaliwa na madaktari, Dk. Thomas Mutie akikaimu na Dk. Evanson Kamuri akimfuata. Hospitali haikuacha kuwa na matatizo. Mwaka 2025 wagonjwa wawili, kwa nyakati tofauti, waliuawa wakiwa wodini. Sisemi hivyo ili kuwatwisha lawama waliokuwa madarakani. Hospitali ile inabeba mzigo wa rufaa wa nchi nzima. Nasema kwamba nani anaingia wodini usiku, nani anamwona akitoka, na walinzi wangapi wako zamu ni maswali ambayo hayajibiwi na masomo ya anatomia.

Ethiopia ilipojaribu njia nyingine

Waethiopia walikuwa na tatizo kama letu, pengine kubwa zaidi. Hospitali zao ziliongozwa na wakurugenzi wa tiba, mara nyingi madaktari vijana waliokuwa wakiona wagonjwa, wakipasua na kuandika ripoti za wizara kwa wakati mmoja. Mwaka 2006 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na taasisi ya Clinton na Chuo Kikuu cha Yale, ilianza kuimarisha menejimenti ya hospitali. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Jimma kikaanzisha shahada ya uzamili ya uongozi wa hospitali, iliyowalenga watendaji wakuu waliokuwa kazini. Serikali ikatenganisha vyeo: mtendaji mkuu wa kuendesha hospitali, na mkurugenzi wa tiba wa kusimamia matibabu. Mwaka 2010 ikatoa mwongozo wenye viwango vya uendeshaji ambavyo kila hospitali hupimwa navyo.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hospitali zilizokuwa na mtendaji mwenye shahada ile zilitimiza viwango vingi zaidi kuliko zisizokuwa naye. Kutimiza viwango si sawa na kuokoa maisha, na ningependa kuona ushahidi wa vifo kabla ya kushangilia sana. Hata hivyo mwelekeo huo unaungwa mkono na kazi ya wachumi Nicholas Bloom, Renata Lemos, Raffaella Sadun na John Van Reenen, waliochunguza hospitali za nchi 9. Waligundua kwamba hospitali zilizo karibu na vyuo vikuu vinavyofundisha tiba na biashara kwa pamoja zina menejimenti bora zaidi, na wagonjwa wao wa mshtuko wa moyo wanapona zaidi. Chuo cha tiba peke yake hakikuleta matokeo hayo. Waziri wa Afya wa Ethiopia wakati mageuzi hayo yanafanyika alikuwa Tedros Adhanom Ghebreyesus, mtu wa biolojia na afya ya jamii ambaye mwaka 2017 alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa WHO asiye daktari wa tiba.

Tanzania nayo ina ushahidi wake wa nyumbani. Tathmini ya nyota ya mwaka 2015/16 ilipima karibu vituo 7,000 vya ngazi ya msingi. Kiasi cha asilimia 34 havikupata hata nyota moja, na asilimia 2 tu ndivyo vilivyofikia nyota 3 au zaidi. Viliporudiwa mwaka 2017/18, vilivyokosa nyota vilishuka hadi takribani asilimia 4, na vyenye nyota 3 na kuendelea vikapanda hadi karibu asilimia 20. Katika muda mfupi kama huo hapakuwa na kizazi kipya cha madaktari kilichozaliwa. Vituo vilipewa mipango ya kurekebisha upungufu, vikafuatiliwa, na fedha zikaanza kufika kwenye akaunti zao. Watu wale wale, wakiendeshwa vizuri zaidi, walifanya kazi vizuri zaidi.

Sifa ninazozitetea

La kwanza ni kazi ndani ya huduma za afya, miaka isiyopungua mitano, na mlango uwe mpana. Daktari aingie. Mfamasia aingie. Muuguzi aingie, na hapa napenda kukaa kidogo. Muuguzi mfawidhi wa wodi anapanga zamu za watu wasiotosha, anajua shuka ngapi zimebaki, anajua ni kiungo gani cha hospitali kinachochelewesha majibu ya maabara, na yuko na mgonjwa saa ambazo daktari hayupo. Kwa muda mrefu tumemhesabu kama msaidizi wa uongozi. Sioni sababu ya haki ya kumzuia asiwe kiongozi mwenyewe. Vivyo hivyo kwa makatibu wa afya, kada iliyoundwa mahsusi kwa utawala wa huduma za afya. Chuo Kikuu Mzumbe kinafundisha shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, wahitimu wake wanaajiriwa, halafu wanakuta dari juu ya vichwa vyao kwa sababu kiti cha juu ni cha kada nyingine.

La pili, nalo kwangu ndilo lisilo na mjadala, ni mafunzo kabla ya uteuzi. Semina ya siku tatu yenye posho haihesabiki. Nazungumzia kozi yenye mtihani, inayomtaka mtu asome taarifa ya fedha ya hospitali halisi na aseme imekosea wapi, aandae mpango wa manunuzi, afuatilie dai la bima kutoka chumba cha daktari hadi malipo, achunguze kifo kimoja cha mama mjamzito bila kutafuta wa kumtupia lawama, na ajue sheria ya utumishi inamruhusu nini. Kituo cha Arusha cha CEDHA, Mzumbe na Muhimbili vina msingi wa kuanzia. Daktari bingwa asiposoma hayo hana sifa, hata awe hodari kiasi gani chumba cha upasuaji. Mwenye shahada ya biashara aliyetoka benki naye hana sifa, kwa sababu miaka yake mitano ndani ya huduma haipo.

> Daktari bingwa asiposoma hayo hana sifa. Mwenye shahada ya biashara aliyetoka benki naye hana sifa.

La tatu ni kinga ya tiba. Kila hospitali kubwa iwe na mkurugenzi wa tiba mwenye mamlaka ya kusimamisha huduma anayoona ni hatari na haki ya kwenda moja kwa moja kwenye bodi bila kupitia kwa mkuu wake. Haki hiyo iwepo hata kama mkuu mwenyewe ni daktari. Stafford ilikosa mtu wa namna hiyo aliyesikilizwa. Na pale waombaji wawili wanapolingana kwa mafunzo na rekodi, mmoja akiwa ametoka kwenye tiba, ningemchagua huyo. Ushahidi unaelekea upande wake, ilimradi masomo ya uongozi yawe yametangulia.

Madaktari watamtii?

Pingamizi la kwanza husemwa kwa sauti ya chini lakini ndilo linaloamua mengi: daktari bingwa hatamtii asiye daktari. Kuna ukweli. Hospitali ni mahali pa ngazi, na bingwa aliyesoma miaka mitano ya shahada, mwaka wa utarajali na mitatu au zaidi ya ubingwa haoni raha kuulizwa kwa nini amefika kliniki saa tano. Lakini heshima ya namna hiyo inayumba hata kwa daktari mwenzake. Mabingwa wa moyo hawawi watiifu kwa sababu mkurugenzi ni bingwa wa macho. Wanachokiheshimu ni kupata vifaa vyao kwa wakati, kulipwa stahiki zao na kuona kanuni ile ile ikitumika kwa wote. Mkuu anayewapa hayo hutiiwa, na asiyewapa hubishiwa hata akiwa profesa.

Wengine husema madaktari ni wachache mno kuwekwa ofisini. Hoja hii naiona nzito kuliko wenyewe wanaoitoa wanavyoionyesha. Mpasuaji aliyechukua karibu miaka kumi kufundishwa, akikalia kiti cha kusaini hati za malipo, ni upasuaji ambao haukufanyika wiki nzima. Tatizo ni kwamba kwa muundo wetu wa utumishi, cheo cha utawala ndicho chenye madaraka, gari na posho. Daktari anayetaka kupanda anaiacha kazi anayoiweza sana ili ashike asiyoandaliwa. Serikali ikimpa bingwa anayebaki kliniki ngazi ya mshahara inayolingana na ya mkurugenzi, wengi watabaki na wagonjwa kwa hiari yao, na watakaoomba uongozi watakuwa wale wanaoutaka kweli.

Pingamizi la siasa ni gumu zaidi, nami sina jibu kamili. Uteuzi wa wakuu wa hospitali kubwa hutoka juu, na utumbuaji hutoka huko huko, mara nyingine mbele ya kamera. Sifa zilizoandikwa hazimzuii mwenye mamlaka kumteua amtakaye. Zinachofanya ni kuwapa wananchi, Bunge na waandishi kitu cha kupimia. Nafasi ikitangazwa, sifa zikachapishwa, mkataba ukawa wa miaka inayojulikana na vigezo vyake vikabandikwa kwenye ubao wa matangazo ya hospitali, anayemteua asiyefaa atalazimika kujieleza. Na anayemwondoa mkuu kwa sababu ya mashine mbovu ataulizwa kama fedha za matengenezo alizoziomba zilitolewa.

Ipo pia hospitali ndogo ya halmashauri, yenye madaktari wawili au watatu, ambayo haiwezi kuajiri mtendaji na mkurugenzi wa tiba kwa wakati mmoja. Hapo Mganga Mfawidhi ataendelea kubeba yote mawili kwa muda mrefu. Kwake nafuu ya karibu ni katibu wa afya mwenye madaraka ya kweli ya kusimamia fedha, manunuzi na watumishi wa kila siku, pamoja na mhasibu wa kudumu, ili daktari asilazimike kuacha foleni ya wagonjwa kwenda kuhangaikia bei ya dizeli. Nafasi hizo mara nyingi zipo kwenye ikama, zinakaa wazi.

Mengi ya haya hayasubiri sheria mpya. Wizara ya Afya, TAMISEMI na ofisi ya utumishi wa umma zinaweza kuandika sharti la mafunzo kwenye miundo ya utumishi, zikaanza na hospitali za rufaa za mikoa kisha za halmashauri. Waliomo ofisini leo wapewe miaka mitatu ya kusoma wakiwa kazini, bila kudhalilishwa. Wengi wao walikabidhiwa hospitali pasipo kuandaliwa na wameziweka hai kwa jitihada zao wenyewe. Muda wa kujipanga hauko mwingi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, na Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kutokubaliana na bei mpya. Kadiri bima itakavyoenea, kila hospitali, ya umma na ya binafsi, itaishi kwa madai inayoyaandaa na bei inazozijadili. Anayekwenda kukaa kwenye meza ya mazungumzo hayo anapaswa kujua gharama halisi ya kumzalisha mama mmoja kwa upasuaji katika hospitali yake.